Maswali ya wasomaji: kidogo kikizidi kuwa kidogo, ndo kinakuwa sifuri?

Mwezi uliopita nilijibu swali moja tu, kwa nini hatugawanyi kwa sifuri, nikadhani nimemaliza kumbe ndo nimefungua mlango. Barua zilizokuja ni nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti, yaani sawa sifuri tumeielewa, ila vipi kuhusu kile ambacho siyo sifuri lakini kimekaa ubavuni kabisa mwa sifuri, kidogo kuliko kidogo chochote unachoweza kukitaja? Wanahisabati wanakiita infinitesimali. Mi humu ntakiita kiduchu ili tusijing'ate ulimi. Nimechagua barua saba, nyingine nimezifupisha.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Kwenye kalkulasi, ile hisabati ya mabadiliko, ticha anasema dx ni kitu kidogo sana ila siyo sifuri, kwa hiyo tunagawanya kwayo bila shida. Alafu mstari wa mwisho anasema kwa kuwa ni kidogo sana tunaitupa. Mi naona ka tunachezewa. Ni sifuri au siyo sifuri? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Usijione mzito wa kuelewa hata kidogo, swali lako lilishaulizwa mwaka 1734, tena kwa hasira, na George Berkeley, askofu wa kule Ireland. Alikuwa amechoka na wanahisabati waliokuwa wanawacheka watu wa dini kwa kuamini mafumbo, wakati wao wenyewe wanaamini vitu ambavyo siyo sifuri na siyo kitu. Akaviita mizimu ya viasi vilivyokwishaaga. Hilo jina mi nalipenda sana maana limegusa penyewe, kitu kimekufa alafu bado kinafanya kazi nyumbani.

Tuchukue kiwanja. Mraba, upande mita 10, eneo mita za mraba 100. Jirani zako wamekubali usogeze mpaka sentimita 1 upande huu na sentimita 1 upande unaofuata, zile pande mbili zinazokutana kwenye kona. Umeongeza nini? Vipande viwili virefu vyembamba, kila kimoja mita 10 kwa sentimita 1, yaani mita za mraba 0.1 kila kimoja, jumla 0.2. Alafu pale kwenye kona kuna kamraba ka sentimita 1 kwa sentimita 1, mita za mraba 0.0001, kama ukubwa wa ukucha wako. Sasa angalia hapa kwa makini. Ukisogeza mpaka milimita 1 badala ya sentimita 1, vile vipande virefu vinapungua mara 10, ila ile kona inapungua mara 100. Ukisogeza sehemu moja ya kumi ya milimita, vipande vimepungua mara 100 na kona mara 10,000. Kona inakufa haraka kuliko vipande, na ndo maana inatupwa, siyo kwa sababu "ni ndogo" tu, maana hata vipande ni vidogo na hatuvitupi!

Ukiandika kwa herufi, upande ukiwa x na kile ulichosogeza mpaka kikiwa dx, eneo lililoongezeka ni 2x mara dx, jumlisha dx mara dx. Gawanya kwa dx unapata 2x + dx. Hiyo dx iliyobaki mwishoni ndo ile kona.

Newton alilipata wazo hili miaka ya 1665 na 1666, chuo cha Cambridge kimefungwa kwa ajili ya tauni na yeye karudi kwao kijijini, lakini hakuchapisha, na Leibniz kule Ujerumani akachapisha ya kwake mwaka 1684. Wote wawili walitumia kiduchu bila kueleza vizuri ni nini hasa, na majibu yakatoka sawa, ya sayari, ya maumbo, ya mwendo, kwa hiyo watu wakaendelea. Berkeley alikuwa na haki ya kulalamika. Ilichukua karibu miaka 100 kumjibu, Cauchy wa Ufaransa akaanza mwaka 1821 na Weierstrass wa Ujerumani akakaza zaidi baadaye, na jibu lao ni limiti, ambayo ni kama mchezo wa watu wawili: we nitajie unataka 2x + dx iwe karibu na 2x kiasi gani, taja hata sehemu moja ya bilioni, mi ntakupa dx itakayotosha, na haijalishi utataja nini sitashindwa kamwe. Kwa njia hii hakuna anayetupa kitu, tunauliza tu jibu linaelekea wapi.

Alafu kuna jibu la pili ambalo shuleni halitajwi na mi naona ni kosa kutolitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanahisabati Abraham Robinson alionyesha kwa mantiki kavu kwamba unaweza kuwa na namba halali kabisa ambazo ni kubwa kuliko sifuri na ndogo kuliko kila namba ya kawaida iliyo juu ya sifuri, na mwaka 1966 akatoa kitabu kizima. Kwenye hisabati yake dx siyo sifuri, mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza unachukua tu namba ya kawaida iliyo karibu kabisa na jibu lako, basi. Yaani Leibniz alikuwa hajakosea, alikuwa tu hajapata zana. Kwa hiyo ticha wako hakuchezei, ila karuka hatua, na ukimuomba kwa heshima airudie hiyo hatua nina imani ataifurahia.

Mwalimu, mimi ni fundi seremala. Wazee wanasema bandu bandu huisha gogo, na mimi nimeona kwa macho yangu gogo likiisha. Kijana wangu kaja na habari ya shule kwamba ukikata nusu, alafu nusu ya nusu, haliishi milele. Nani yuko sahihi? — Fundi, Tanga

Fundi wangu, wote wawili, na tofauti iko kwenye bandu lenyewe. Methali inazungumzia bandu linalotoka na shoka, na kila bandu lina unene wake, kubwa au dogo lakini lina unene usioshuka chini ya kiasi fulani, na ukiendelea kutoa vitu vya namna hiyo lazima siku moja gogo liishe. Kijana wako anazungumzia bandu linalopungua kila mara, nusu ya lililotangulia. Hapo gogo haliishi, ila pia ukijumlisha mabandu yote, nusu, robo, nusu ya robo, na kuendelea, hayazidi gogo moja. Yanalikaribia gogo zima na hayalipiti. Kwa hiyo kuna mambo yasiyo na mwisho ambayo jumla yake ina mwisho, na hili ndo lilimsumbua Zeno, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliposema mkimbiaji hodari Akile hawezi kumfikia kobe aliyetangulia kwa sababu kila akifika pale kobe alipokuwa, kobe kasogea kidogo.

Na siyo Wagiriki peke yao. Kwenye kitabu cha Kichina cha Zhuangzi kuna maneno kama ya kijana wako kabisa: fimbo ya futi moja, toa nusu kila siku, vizazi elfu kumi vitapita haijaisha. Na kule Basra karne ya 9 wanazuoni wa Kiislamu walibishana kwa miaka juu ya hili hili. Wengi wao walisema kila kitu mwisho wake ni chembe isiyogawanyika tena. Al-Nazzam akakataa, akasema unaweza kugawanya bila kikomo. Wakamuuliza sasa sisimizi anayetembea juu ya jiwe anamalizaje safari kama njia yake ina sehemu zisizo na mwisho? Akajibu kwamba anaruka, yaani anatoka hapa anatokea pale bila kupita katikati. Jibu halikuwaridhisha wengi ila angalia uzito wa swali, sisimizi juu ya jiwe!

Sasa turudi kwenye karakana yako maana huko nako kuna jibu. Chukua mbao ya mita 1. Ukikata nusu ya nusu kwa msumeno, kata ya 9 inakuachia kipande cha karibu milimita 2, ambao ni kama upana wa njia ya msumeno wenyewe, kwa hiyo kata ya 10 inatoa unga wa mbao tu. Tuseme una wembe wa ajabu usiopoteza kitu. Kata ya 33 inakufikisha kwenye upana wa atomu moja. Thelathini na tatu tu, fundi. Mi nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, maana tumezoea kusikia atomu iko mbali huko kwenye maabara, kumbe ni kata 33 kutoka kwenye mbao ya kitanda. Kuanzia hapo siyo mbao tena, umbao umeisha. Ukiendelea na umbali wenyewe badala ya mbao, kwenye kata ya 116 unapita kipimo kinachoitwa urefu wa Planck, na chini ya hapo fizikia tuliyonayo haina la kusema. Kijana wako yuko sahihi kwenye karatasi, we uko sahihi kwenye gogo.

Je kirusi cha korona ni infinitesimali? Maana hakionekani kabisa. — Msomaji, Kigoma

Hapana. Kina kipenyo cha karibu nanomita 100, yaani ukivipanga mstari mmoja, virusi 10,000 vinajaza milimita 1. Kitu chenye kipimo, hata kiwe kidogo vipi, siyo kiduchu, kwa sababu kuna namba ya kawaida iliyo juu ya sifuri na ndogo zaidi yake. Kutoonekana ni udhaifu wa macho yetu. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft kule Uholanzi, alisugua lenzi zake mwenyewe na mwaka 1676 akaandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba kwenye tone la maji kaona viumbe vinaogelea, na watu wakapata shida kuamini.

Waandishi ndo waliruka na hilo jambo zaidi hata ya wanasayansi. Pascal, Mfaransa mwanahisabati na mwanafalsafa ambaye alifariki 1662 na maandishi yake yakachapishwa 1670, anamwomba msomaji amwangalie utitiri, ndani yake kuna miguu, ndani ya miguu mishipa, ndani ya mishipa damu, ndani ya damu matone, na ndani ya hayo anakuonyesha ulimwengu mzima wenye anga lake na sayari zake na dunia yake na utitiri wake, ambao nao una damu. Anataka ushikwe na kizunguzungu, na mi hunishika kweli. Mwandishi Jonathan Swift mwaka 1726 akamleta Gulliver, msafiri wa hadithi yake, kwenye nchi ya watu wenye urefu usiofika inchi 6, na kilichonigusa humo siyo udogo wao, ni kwamba wanapigana vita juu ya yai livunjwe upande gani na wanakufa kwa ajili ya hilo kama watu wakubwa.

Assalamu alaykum mwalimu. Nauza nguo. Nilikopa shilingi 10,000 kwa programu ya simu, wameandika riba asilimia 1 tu kwa siku, nikaona si kitu. Sasa ni miezi mitatu biashara imelala na deni silielewi. Asilimia 1 si ndogo? — Mama wa watoto wanne, Mombasa

Wa alaykum salaam mama, na pole sana. Hii barua imeniuma kuliko zote kwa sababu hilo neno "tu" limewekwa pale makusudi.

Kwanza fungua masharti uangalie jambo moja, je riba inazaa riba? Kama haizai, unadaiwa shilingi 100 kila siku, siku 90 ni 9,000, jumla 19,000. Kama inazaa, yaani kesho wanachaji asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya leo, siku 30 ni 13,478, siku 90 ni 24,486, na ukifika mwaka mzima ni 377,834. Siyo kosa la uchapaji. Shilingi 10,000 inakuwa laki tatu na sabini na saba elfu na ushee, kwa asilimia 1 "tu".

Watu wengi wanadhani ubaya uko kwenye kukatakata muda, kwamba wakichaji kila siku ni mbaya kuliko kila mwezi, na wakichaji kila sekunde ndo kabisa tutakwisha. Jacob Bernoulli wa Uswisi alilipima hilo mwaka 1683. Weka shilingi 1 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Ikilipwa mara moja mwisho wa mwaka unapata 2. Ukiigawa mara mbili, 2.25. Kila mwezi, 2.61. Kila siku, 2.71. Sasa igawe kwa kila sekunde, kwa kila kufumba na kufumbua, kwa kila kiduchu cha muda, je inalipuka? Hailipuki, inasimama kwenye 2.71828 na ushee, na hiyo namba leo iko kwenye kila kikokotoo chenye kitufe cha e. Kwa hiyo hata mkopeshaji wako akikuchaji kila sekunde badala ya kila siku, kwa mwaka deni lingeongezeka kutoka mara 37.8 hadi mara 38.5 tu hivi. Kukatakata siyo mwizi. Mwizi ni kwamba asilimia 1 kwa siku ni asilimia 365 kwa mwaka, na wao wamekuonyesha siku ili usiuone mwaka. Mama, ukiletewa kiwango chochote cha siku, zidisha kwa 365 hapohapo kabla hujabonyeza kukubali, na kwa deni hili la sasa nenda kwenye chama chenu cha kina mama kama mnacho, uliza kama wanaweza kulilipa lote ukabaki unadaiwa na wao, hata kama utalipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha historia. Vijana wananiambia kura moja ni sawa na sifuri, mtu mmoja hana uzito kwenye historia, historia ni ya wakubwa. Kuna hesabu ya kuwajibu? — Mwalimu, Unguja

Hesabu ipo, na iko hapohapo kwenu. Januari 1961 uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa na viti 22. Chama cha ASP (Afro-Shirazi) kikapata 10, chama cha ZNP (Hizbu) 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3. Kiti kimoja kati ya vile 10 vya ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Alafu wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuweza kuundwa, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, na uchaguzi wa Juni ulikuja na ghasia zilizoua watu 68. Kile kiti cha Chake Chake kingeenda upande mwingine, hiyo 11 kwa 11 isingekuwepo. Kingetokea nini badala yake hakuna anayeweza kukuambia, ila hiyo njia isingekuwa hiyo.

Lakini usiishie hapo darasani, maana vijana wajanja watauliza, sasa hiyo kura moja ilikuwa ya nani? Na hapo ndo patamu. Haina mwenyewe. Kila mtu aliyempigia mshindi siku ile Chake Chake, mkulima wa karafuu, mvuvi, bibi aliyetembea asubuhi yote, anaweza kusema kwa haki kabisa ni ya kwangu. Kila mmoja peke yake ni kiduchu na kila mmoja peke yake ndo aliyeamua.

Kuna mtu aliyelifikiria hili kuliko wanahistoria wengi na alikuwa mwandishi wa riwaya. Tolstoy, kwenye Vita na Amani aliyoimaliza 1869, katikati ya simulizi ya Napoleoni kuivamia Urusi mwaka 1812 anasimamisha hadithi, anamleta Akile na kobe, alafu anasema wanahistoria wanafanya kosa la Zeno. Wanakata historia vipande vikubwa, mfalme huyu, vita ile, kana kwamba mwendo una vituo. Anataka wachukue kiduchu cha historia, yaani mielekeo midogo ya kila mtu, alafu wajifunze kuvijumlisha kama kalkulasi inavyojumlisha, wawaache kwanza wafalme na mawaziri na majenerali. Kwake Napoleoni haendeshi chochote. Nilipoisoma sehemu ile niliweka kitabu chini nikakaa kimya kwa muda, sijawahi kuona hisabati inafanya kazi kama hiyo ndani ya riwaya.

Ila mi sikubaliani naye moja kwa moja, na hili pia waambie vijana. Kile kiduchu cha kwenye kiwanja cha mwanafunzi wetu wa Morogoro hakimwangalii jirani yake kabla ya kuamua. Mtu anamwangalia. Anasikiliza barazani, anaona foleni iko wapi, anamfuata mjomba. Gabriel Tarde, aliyewahi kuwa hakimu kwenye mji mdogo wa Sarlat kule Ufaransa, aliandika kitabu mwaka 1890 akisema jamii inaenda kwa kuigana, mtu mmoja kwa mtu mmoja, na hapo ndo mabadiliko makubwa yanazaliwa. Mi naona Tarde anakamilisha pale Tolstoy alipoachia. Vidogo vya jamii vinajumlishwa, sawa, ila vinaambukizana vikiwa bado vinajumlishwa, ndo maana jumla yake inaweza kukushangaza. Ukitaka mfano wa mbaya wake angalia rushwa, hata jina lenyewe tumeipa, kitu kidogo, jina linaloisogeza karibu na sifuri ili mkono usitetemeke wakati wa kutoa, na kila anayetoa anamfundisha aliye nyuma yake kwenye foleni.

Shikamoo. Bibi yangu Mzanzibari alikuwa anasema "dakika na nukta" akiwa na maana ya sekunde. Mwalimu wa chuoni alituambia nukta ni kile kidoa cha herufi. Wanangu shuleni nukta ni ya jometri. Ni neno moja au matatu? — Mama, Muscat

Marahaba. Neno moja, la Kiarabu, na Kiswahili kimelifanyisha kazi zote hizo na nyingine, hata mwisho wa sentensi ni nukta. Chukua maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Neno "bibi" na neno "nini" yana umbo moja kabisa, meno yaleyale, mkia uleule. Nukta ya be iko chini, nukta ya nuni iko juu, basi. Karani akisahau nukta au wino ukififia, bibi kawa nini.

Ya jometri ni kali zaidi. Euclid, Mgiriki wa kale, alisema nukta ni kile kisicho na sehemu. Kidoa unachochora kwa kalamu kina upana, kwa hiyo kidoa chako siyo nukta, ni picha ya nukta tu. Na hapo likaja swali lililowagombanisha watu kabisa, mstari umeundwa na nini kama nukta hazina upana? Tarehe 10 Agosti 1632 wakaguzi wa shirika la Kijesuiti kule Roma walikataza fundisho la kwamba kitu kinachoendelea, kama mstari, kimeundwa na vipande visivyogawanyika, lisifundishwe na watu wao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1635, Cavalieri, mtawa wa shirika lingine, akachapisha kitabu kinachotumia vipande hivyohivyo kupima maeneo na ujazo.

Na nukta ya bibi yako, ile ya saa, leo inapimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sizi (caesium). Mwaka 2023 tuzo ya Nobel ya fizikia ilienda kwa Agostini, Krausz na L'Huillier kwa kutengeneza mimweko ya mwanga inayopimwa kwa atosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Nukta moja ya bibi ina atosekunde nyingi kiasi kwamba idadi yake inazidi nukta zote zilizopita tangu ulimwengu uanze. Hapo hapo kwenye "dakika na nukta".

Mwanangu wa darasa la tano anabisha kwamba 0.999 isiyoisha haiwezi kuwa sawa na 1, anasema lazima kuna kitu kidogo kimebaki. Mwalimu wake kamwambia ni sawa na asibishe. Nimwambieje? — Baba, Nakuru

Mwambie kwanza abishe, anabisha vizuri. Alafu kaeni na karatasi. Theluthi moja ni 0.333 isiyoisha, hilo atakubali, mwache agawanye 1 kwa 3 mwenyewe mpaka achoke. Zidisha mara 3 pande zote mbili, kushoto unapata 1, kulia 0.999 isiyoisha. Atakuambia bado kuna kitu kimebaki, na hiyo hisia yake ni ileile ya Leibniz kwa hiyo usimkaripie. Muombe akuandikie hicho kilichobaki ni ngapi. Ataanza, sifuri, nukta, sifuri, sifuri, sifuri, akijiandaa kuweka 1 mwishoni, alafu atainua kichwa akuulize aiweke wapi.